Maji mekundu kama chai, sukari iko wapi? Kutafuta kosa katika upishi wa maranda

"Mwalimu, shikamoo. Nimepika maranda ya mkaratusi saa nzima kwenye sufuria ya presha. Maji yametoka mekundu kama chai ya rangi. Nimeonja, yana uchungu tu. Hivi mti wangu hauna sukari?"

"Marahaba. Umepima pH?"

"pH? Mimi natafuta utamu, mwalimu."

Simu ile ilitoka Igoma, na zimefuata nyingine za namna hiyo kutoka Buhongwa, Kisesa, hadi ng'ambo ya ziwa Sengerema. Mimi ni fundi wa maabara, nina chombo kidogo cha presha cha lita 20, na watu wakishaona mara moja maji matupu yanavyotoa sukari kwenye mbao wanarudi nyumbani kujaribu. Wengi wanakwama. Nimeandika hapa makosa kwa dalili zake, kuanzia yale ninayoyakuta mara nyingi.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotokea ndani ya chombo, maana bila hilo utakuwa unabahatisha. Mti umejengwa kwa vitu vitatu vikubwa. Kuna selulosi, zile nyuzinyuzi zinazoupa nguvu. Maji ya moto peke yake hayaisumbui sana. Kuna lignini, gundi inayozishika. Na kati yake kuna hemiselulosi, minyororo mifupi ya sukari. Kwenye miti ya majani mapana kama mkaratusi, sehemu kubwa ya hemiselulosi ni zailani, na zailani imebeba vipande vidogo vinavyoitwa asetili. Maji yakifika nyuzi joto 150 hadi 180, asetili zinabanduka na kuwa asidi ya siki. pH, kipimo cha ukali ambacho kikishuka ukali umepanda, inafika 3.5 au 4, na ukali huo ndio unaokatakata minyororo na kuimimina kwenye maji. Hakuna dawa uliyotia. Mti unapikwa kwa siki yake wenyewe, na ndiyo maana nikiitwa kuangalia upishi uliogoma sitaki kijiko cha kuonjea, nataka karatasi ya pH.

Maji yana rangi, pH iko 5 au 6, sukari hakuna

Hili ndilo kosa la Igoma, na ndilo linalowapata watu wengi. Joto halikufika.

Rangi inadanganya. Tanini na vitu vingine vinavyoyeyuka kirahisi hutoka hata kwenye maji ya kuchemka tu, kama majani ya chai yanavyotoka kwenye birika. Ukiona wekundu umepata chai ya mkaratusi, basi. Na ulimi nao si shahidi mzuri. Kilo 1 ya mkaratusi mkavu ina zailani gramu 100 hadi 200 hivi. Hata ukiambulia gramu 100 za sukari kwenye lita 6 za maji, hiyo haifiki asilimia 2, wakati soda ya chupa ina kama asilimia 10. Juu ya hapo, zailosi, yaani sukari inayotoka kwenye zailani, ina utamu mdogo kuliko sukari ya dukani, na minyororo ambayo haijakatika vizuri haina utamu wa kusema. Weka uchungu wa tanini juu yake, ulimi utasikia nini? Acha kuonja. Tena mbele utaona kuna vitu humo visivyofaa kunywewa.

Sasa habari ya joto. Uso wa ziwa letu uko karibu mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo maji ya sufuria ya kawaida hapa Mwanza yanachemka kwenye nyuzi 96, hayafiki 100. Sufuria ya presha nayo ina deni hilohilo. Vitabu vinasema presha ya bar 1 kwenye geji inatoa nyuzi 120 au 121, lakini hesabu hiyo ni ya mtu aliyekaa usawa wa bahari. Geji inapima presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, na hewa yetu ina kama bar 0.88 tu. Bar 1 ya geji hapa kwetu ni nyuzi 118.

Unaweza kusema nyuzi 2 au 3 ni kitu gani. Peke yake si kitu. Tatizo ni umbali kutoka 118 hadi 160. Kwenye upishi huu, kila ukipandisha nyuzi 10 muda unaohitajika unapungua kwa karibu nusu, na ukishusha nyuzi 10 unaongezeka maradufu. Kazi inayofanyika kwa saa 1 kwenye nyuzi 160, kwenye nyuzi 118 inachukua kama saa 17. Nilipomwambia yule bwana, alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Saa 17, gesi ya nani?"

Jibu langu ni kwamba sufuria ya presha inafaa kujifunzia: kuona pH inavyoanza kushuka, kuzoea kuchuja, kuzoea vipimo. Ukitaka sukari ya maana unahitaji chombo halisi cha presha, cha chuma cha pua, kilichopimwa, chenye valvu ya usalama inayofanya kazi. Usikate mtungi wa gesi. Usigeuze tangi la kompresa. Lilitengenezwa kwa hewa ya baridi, si kwa maji makali ya nyuzi 160. Chombo chenye lita 10 za maji ya joto hilo kikipasuka, zaidi ya lita 1 inageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unajaza zaidi ya mita 2 za ujazo. Jiko lako lina mita ngapi?

Geji inasoma sawa, lakini pH inaonyesha upishi haujaiva

Shuku hewa. Chombo kilichofungwa na hewa ndani kinatoa presha mbili kwa pamoja, ya mvuke na ya hewa iliyopashwa, na geji haijui kutofautisha. Kwa hapa Mwanza, nyuzi 160 ni kama bar 5.3 kwenye geji, nyuzi 170 ni bar 7.0. Lakini kama hukutoa hewa, bar 5.3 hiyohiyo inaweza kuwa nyuzi 151 tu. Umepoteza nyuzi 9, yaani karibu nusu ya kazi, na geji inakutazama bila aibu.

Dawa yake: acha valvu ya juu wazi hadi mvuke utoke kwa nguvu na mfululizo, uendelee hivyo dakika kadhaa, ndipo ufunge. Na kama chombo kina tundu la kipimajoto, amini kipimajoto kuliko geji.

Joto sawa, muda sawa, hewa imetoka, na pH bado imekaa juu

Hapa mwaga gunia lako la maranda chini, kwenye turubai, uchambue kwa mkono. Siku moja nilifanya hivyo kwa gunia lililotoka kwenye kiwanda kidogo cha mbao. Juu kulikuwa na maranda safi ya rangi ya waridi, ya mkaratusi. Nikizamisha mkono chini nikakuta magome, mchanga, majivu ya jiko la mama ntilie wa hapohapo kiwandani, na maranda meupe yenye harufu ya utomvu. Hayo ya mwisho yalikuwa misindano, au mipaina kama wauza mbao wanavyosema.

Majivu na magome yana chumvi za kalisi na potasiamu zinazouzima ukali. Siki inazaliwa na kufa palepale. Maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika yanafanya vivyo hivyo, kwa hiyo tumia ya mvua.

Misindano ni kesi nyingine. Si takataka, ila si mkaratusi. Hemiselulosi yake ina manosi, sukari ya aina nyingine, kwa wingi, asetili ni chache, siki inayotoka ni kidogo na pH inashuka polepole. Mashamba ya Buhindi kule Buchosa na Rubya kisiwani Ukerewe yana misindano mingi, kwa hiyo mbao zake zimejaa mjini, na maranda yake yanachanganyika na ya mkaratusi bila mtu kukusudia. Ukipika mchanganyiko, leo utapata pH 3.7 na kesho 4.4 kwa maelekezo yaleyale, na utadhani chombo kimeharibika. Chagua mti mmoja ukae nao.

Kuna maranda ambayo hayapikwi kabisa. Nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kijani zina shaba, kromi na aseniki. Vumbi la plaiwudi na MDF lina gundi. Maranda ya mafundi wa mitumbwi kule mialoni huwa yana rangi na lami. Haya siyahesabu kama kosa la upishi, maana hata yakitoa sukari nyingi hiyo sukari si ya kupewa kiumbe chochote.

Na upimaji wa uzito. Mti mbichi unaweza kuwa nusu maji. Anayepima kilo 2 za maranda mabichi amepima kilo 1 ya mti, kisha anashangaa mbona mavuno ni nusu. Kausha juani hadi uzito uache kubadilika.

Refraktomita inasema 4, maji ya Benedict yamebaki bluu

Dalili hii inawavunja moyo watu wengi, na mara nyingi wamefanikiwa bila kujua.

Kile kipimo cha kuchungulia kwenye mwanga kimetengenezwa kwa sukari ya miwa. Kinahesabu kila kilichoyeyuka: sukari, siki, vipande vya lignini, chumvi. Ukisoma 4, usijipongeze kwa asilimia 4 ya sukari. Maji ya Benedict, yale tuliyopimia vyakula shuleni, yenyewe hayahesabu gramu za sukari, yanahesabu ncha. Kila mnyororo una ncha moja tu inayogeuza bluu kuwa kijani, njano au wekundu wa tofali. Sukari mojamoja 10 zina ncha 10. Mnyororo wa sukari 10 una ncha 1. Na maji ya moto kwa kawaida yanatoa minyororo mifupi mingi kuliko sukari mojamoja. Kwa hiyo sukari ipo, imeshikana mikono.

Kuna sababu ya pili, ya kijinga kidogo, nami ilinipata. Benedict hufanya kazi kwenye hali ya magadi. Ukimimina sampuli kali moja kwa moja, ukali unaua magadi na rangi haibadiliki. Nilitupa lita 12 za maji mazuri kwa sababu hiyo. Siku hizi natia magadi soda kidogokidogo kwenye sampuli hadi povu liishe, ndipo napima. Pia naipunguza makali ya rangi kwa maji safi, maana sampuli nyekundu inaficha jibu.

Kutaka kujua minyororo ina sukari kiasi gani, inabidi uikate. Maabara hutia asidi ya salfa hadi kama asilimia 4 kwenye sampuli ndogo, ikapikwa kwenye chupa ya kioo kwa nyuzi 121 saa 1. Kwa sufuria ya presha ya Mwanza ongeza dakika 15 hivi. Kumbuka asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, siyo maji kwenye asidi, na miwani machoni. Ikipoa, izime kwa magadi soda, pima tena kwa Benedict. Tofauti ya rangi kabla na baada ndiyo minyororo yako. Kama zote mbili ni bluu, rudi juu kwenye joto.

Harufu kama ya lozi chungu, rangi kahawia iliyoiva sana

Umepitiliza. Zailosi ikikaa motoni kwenye maji makali inapoteza maji yake na kugeuka furfurali, na harufu hiyo ni yake. Sukari za aina ya glukosi na manosi zinatoa ndugu yake. Ukizidi kupika sukari haiongezeki, inapungua, na sumu inapanda.

Wengi hawakupitiliza kwa makusudi. Wamepika saa 1 kwenye 170 kama maelekezo ya 160 yalivyosema, kumbe nusu saa ingetosha. Au umeme umekatika katikati, chombo kikakaa na moto wake saa 2 kinapoa polepole, na kupika kunaendelea mtu akidhani kumesimama. Muda unahesabiwa hadi joto lishuke chini ya 120 hivi, hauishi pale ulipozima swichi. Panga mapema utakavyokipoza: koili ya maji baridi ndani au ganda la maji nje. Usikipoze kwa kufungulia mfuniko. Bado nina kovu la mkono wa kushoto la mwaka wangu wa kwanza, na ile ilikuwa bar 1 tu.

Wengine wanayarudisha maji ya upishi wa kwanza kupikia maranda mapya ili yakolee. Ni akili, maana yanaanza yakiwa tayari makali. Lakini sukari ya mwanzo inapikwa mara ya pili. Mimi narudisha mara moja, na upishi wa pili naufupisha.

Utando mweusi unaonata kama lami

Lignini. Vipande vyake vinayeyuka kwenye moto na kuganda maji yakipoa, vikishika kwenye kuta, valvu na kitambaa cha kuchujia. Maji yatoe yangali ya moto, kupitia bomba lililopozwa na presha ikiwa imeshuka, yaingie kwenye ndoo nyingine. Yakae usiku kucha, lignini itazama, asubuhi uchote ya juu. Chombo kioshe kwa maji yenye kostiki kidogo, ile soda ya watengeneza sabuni, ukiwa na glavu. Maji matupu utasugua hadi jioni.

Kama kichujio kinaziba hata kabla ya kupoa, kosa ni unga. Vumbi la msumeno linashikana kama ugali, maji yanapita pembeni na katikati panabaki pakavu. Tafuta vipande vya ukubwa wa njiti ya kiberiti, uviloweke usiku mzima kwanza ili hewa itoke na vizame.

Maji meusi kama wino

Chombo chako ni chuma cha kawaida. Tanini na chuma vikikutana ni wino kweli, ndivyo wino wa zamani ulivyotengenezwa. Badili chombo kabla asidi haijakitoboa.

Hamira imelala

Hamira ya mkate haili zailosi. Ungeipa maji safi kabisa ya mkaratusi, ingekula glukosi kidogo iliyopo na kukaa kimya. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza spiriti kwa hamira ya dukani amechagua mti usiofaa au kiumbe kisichofaa. Misindano inatoa manosi, ambayo hamira inaila, ila minyororo yake lazima ikatwe kwanza.

Hata pale chakula kinapofaa, furfurali na siki vinaidumaza. Chokaa hadi pH ifike kama 10, kuchuja, kisha kuishusha tena, inapunguza sumu hizo. Mkaa ulioamilishwa nao unavuta furfurali na rangi. Vyote viwili vinaondoka na sukari kidogo.

Maji yanakataa kuwa mazito kama asali, na kuni zimeisha

Piga hesabu kabla ya kuwasha. Una lita 5, unataka ibaki lita 1. Kuchemsha na kufukiza lita 4 kunataka kama megajuli 10.5. Kuni kavu zina megajuli 15 hivi kwa kilo, lakini mafiga matatu yanafikisha kwenye sufuria kama asilimia 15 tu ya moto wake. Hizo ni zaidi ya kilo 4 na nusu za kuni ili kukoleza maji yaliyotoka kwenye kilo 1 ya maranda. Hapo mtu anakuwa ameivisha hasara.

Kwa hiyo punguza maji toka mwanzo: lita 4 au 5 kwa kilo ya maranda makavu, si 10. Halafu tumia jua. Mimi natandaza kwenye trei pana nyeusi, kina cha kidole kimoja, chini ya kioo kilichoinamishwa chenye nafasi ya upepo. Na mbao zilizobaki usitupe. Zimekuwa kahawia, zinanyonya unyevu kidogo kuliko mwanzo, na zikikauka ni kuni nzuri za upishi unaofuata.

Dumu linatoa povu baada ya siku 3

Maji yaliyomo ni mepesi mno kuhifadhiwa. Kwa joto la Mwanza, maji ya Brix 4 hadi 10 (Brix ni namba ile inayosomwa kwenye refraktomita) ni karamu ya vijidudu. Yakoleze hadi 65 na zaidi, au yatumie siku hiyohiyo.

Kuyatumia wapi? Nchini Marekani viwanda vya mbao za kubana kwa mvuke, kazi iliyoanzia kwa William H. Mason mjini Laurel, Mississippi, mwaka 1924, viliishia kuuza maji haya yaliyokolezwa kama chakula cha ng'ombe, badala ya molasi. Vijidudu vya tumbo la ng'ombe vinaiweza zailosi na minyororo yake. Kuku na nguruwe hawaiwezi vizuri, kwa hiyo usiwape.

Mama mmoja wa Kisesa aliniita kwa sababu ng'ombe wake walinusa ndoo na kugeuza vichwa. Niliinusa nami: siki tupu. Alikuwa amekoleza kwa sufuria yenye mfuniko, siki ikawa inapanda na kudondokea humohumo. Tulichemsha tena mfuniko ukiwa pembeni, dirisha wazi, tukanyunyizia kidogo juu ya mabua ya mahindi, kwanza kwa ng'ombe mmoja, baada ya kuzungumza na mtaalamu wa mifugo wa kata. Alilamba mabua, akalamba na ndoo.